Kuhesabu Miche Hakutoshi: Mimea Adimu ya Kwale na Kazi Iliyobaki

(Maelezo haya yalisomwa mbele ya vikundi vya vitalu vya miche, vyama vya misitu vya jamii na wazee wa kaya. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tangu Desemba 2022, serikali ya kitaifa ilipozindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, neno linalosikika katika kila baraza ni miche. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila Mkenya apande mti. Shule zimepanda, makanisa na misikiti imepanda, na vikundi vya akina mama vimepata soko la miche ambalo hapo awali halikuwapo. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini kuna swali ambalo mpango huo hauliulizi vya kutosha: ni miti gani? Ripoti ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na miti katika asilimia 12.13 ya ardhi yake. Kipengele cha 69 cha Katiba kinataka angalau asilimia 10, kwa hiyo kwa hesabu hiyo nchi imevuka. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba misitu yenyewe ilikuwa asilimia 8.83 tu. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Mkaratusi uliopandwa kando ya barabara ni mti, huhesabiwa mmoja. Mvinje wa kuuza nguzo ni mti, huhesabiwa mmoja. Na mti ambao haupatikani popote duniani isipokuwa katika vilima vichache vya Pwani ya Kenya na Tanzania, nao huhesabiwa mmoja. Ukikatwa na mahali pake pakapandwa mikaratusi miwili, daftari litaandika faida.

Kwale inahusika na jambo hili kuliko kaunti nyingi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba zaidi ya nusu ya mimea adimu 159 ya Kenya inapatikana katika Shimba Hills. Watu huenda pale kutazama tembo na palahala, na wakirudi nyumbani huzungumza juu ya tembo na palahala. Walichokipita njiani bila kukiona ndicho hasa kilichofanya msitu ule uwe maarufu kwa wataalamu wa mimea. Hifadhi hiyo ya taifa ilitangazwa mwaka 1968, na chemchemi za Marere zilizomo ndani yake zimekuwa zikipeleka maji hadi Mombasa. Kwa hiyo hata mtu asiyejali mimea ana sababu ya kujali msitu huo kila anapofungua mfereji.

Misitu ya Pwani ina tabia yake. Si msitu mmoja mkubwa uliokatwa vipande jana tu. Ni kama visiwa: kilima hiki kina mvua zaidi, kile kina mawe ya chokaa, kingine kina mchanga mwekundu, na kila kimoja kimelea mimea yake kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana ekari chache za Kwale zinaweza kubeba aina ya mti ambayo haimo katika maelfu ya ekari za bara. Na ndiyo maana pia msitu mdogo ukiondoka, huenda ukaondoka na kitu ambacho hakina ndugu kwingine.

Mfano mzuri ni mtapo. Wengi hapa wanaujua kwa macho hata kama hawaujui kwa jina. Mtu anayeuona mara ya kwanza hudhani ni mnazi uliokataa kurefuka: shina nene, majani magumu yenye miiba pembeni, na katikati kichwa kikubwa cha mbegu. Wataalamu waliupa jina la Encephalartos hildebrandtii mwaka 1874. Si mnazi wala si ndugu wa mnazi. Ni wa jamii ya mimea iliyokuwapo duniani tangu enzi za dinosaria, na hukua polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Unaishi katika ukanda wa Pwani ya Kenya na Tanzania, na Shimba Hills ni mojawapo ya makao yake. Vitabu vya zamani vinaeleza kwamba wakati wa njaa watu waliutengeneza unga, baada ya kuulowesha kwa siku nyingi ili kutoa sumu. Sumu hiyo ipo mpaka leo, na mtu asithubutu kuujaribu.

Shida ya mtapo ni ndoa. Kama ilivyo mipapai, kuna mtapo dume na mtapo jike. Dume hutoa chavua, jike hutoa mbegu, na anayebeba chavua kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni mdudu mdogo wa jamii ya fukusi anayeishi katika vichwa hivyo vya mimea. Mtapo jike uliobaki peke yake katikati ya shamba la mahindi unaweza kuishi miaka mingi, ukapendeza, ukapigwa picha, lakini hautazaa mbegu inayoota. Ukiuhesabu, upo. Kwa kizazi kijacho, haupo. Vivyo hivyo kwa mtapo uliong'olewa msituni usiku na kupelekwa kupamba bustani ya nyumba ya kifahari: mnunuzi anafikiri ameuokoa mmea, kumbe ameuondoa mke au mume wa mwingine.

Ndiyo sababu jamii yote ya mitapo ya Afrika imewekwa katika kiambatisho cha kwanza cha mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Huo ni ulinzi wa daraja la juu kabisa. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo hailindi wanyama tu, kama wengi wanavyodhani. Inataja mimea pia. Anayeng'oa mtapo ndani ya hifadhi anavunja sheria sawasawa na anayetega mnyama, ingawa kwa bahati mbaya jirani zake hawatamwona kuwa mwindaji haramu.

Sasa kuhusu Mrima. Kilima hiki cha kusini mwa kaunti ni kidogo ukikitazama kutoka mbali, lakini kimebeba mambo mawili yanayogombana. Chini yake kuna madini ya niobiamu na madini adimu yanayotumika katika mitambo ya kisasa. Juu yake kuna msitu, ambao pia ni kaya. Katika msitu huo, na katika misitu mingine michache kama Gongoni na Kaya Muhaka, humea mti ambao wataalamu huuita Gigasiphon macrosiphon. Ni wa ukoo wa kunde. Maua yake ni makubwa na meupe, na petali moja ina rangi ya manjano. Upo katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini kutoweka. Mbegu zake ni kubwa na huliwa na wanyama wadogo kabla hazijaota, kwa hiyo chini ya mti mzima mara nyingi hakuna mtoto hata mmoja.

Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni moja iliyotaka kuchimba Mrima. Kampuni hiyo ilipeleka kesi katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ikidai fidia kubwa. Mwaka 2018 baraza hilo liliamua kwamba leseni ile haikuwa halali tangu mwanzo, kwa sababu masharti ya sheria, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira, hayakutimizwa. Uamuzi huo unafaa kusomwa na kila mtu anayesema kwamba hadhi ya msitu uliotangazwa rasmi ni karatasi tu. Karatasi hiyo iliisaidia Kenya kuepuka kulipa.

Hata hivyo haifai kuwaficha wananchi: hamu ya madini ya Mrima haijaisha na haitaisha, maana bei yake inategemea mahitaji ya nchi za mbali. Na watu wanaoishi chini ya kilima wanahitaji kazi, shule na hospitali. Kuwaambia waache madini kwa ajili ya ua jeupe ni kuwadharau. Jambo la haki ni kwamba, ombi lolote likija, idadi ya miti hiyo, mahali ilipo na hali ya miche yake viwe vinajulikana kabla ya meza ya mazungumzo kuwekwa, na wazee wawe wamekaa kwenye meza hiyo. Anayeingia bila hesabu yake mwenyewe hutumia hesabu ya mgeni. Kwale ina uzoefu wa hivi karibuni wa kutazama upande huo. Mgodi wa titani uliofunga uchimbaji mwishoni mwa 2024 ulikuwa na kitalu cha miti ya asili kwa ajili ya kurudisha ardhi katika hali yake, na vijana waliofanya kazi humo wanajua kuotesha aina ambazo vitalu vingi havijawahi kuzigusa. Ujuzi huo usiachwe utawanyike.

Kuhusu kaya, ni vyema kusema wazi kwamba serikali ilikuta kazi imeshafanywa. Mimea adimu iliyobaki katika Kaya Kinondo, Muhaka, Gandini au Mtswakara haikubaki kwa sababu ya afisa yeyote. Ilibaki kwa sababu wazee walikataza kukata, kuchoma na kulisha mifugo, na watu waliogopa kuvunja miiko hiyo. Wataalamu walipoanza kuorodhesha mimea ya kaya katika miaka ya 1980, walishangaa kuona jinsi misitu midogo namna ile ilivyokuwa na utajiri mkubwa. Kuanzia mwaka 1992, kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za kitaifa, na mwaka uo huo kikaundwa kitengo cha makavazi cha kuhifadhi misitu ya Pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza Kaya takatifu za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Kinondo imo, na kaya za Waduruma zimo.

Kinondo ina takriban hekta 30 tu. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, hutembezwa na mwongozaji wa kijiji, na ada hurudi kwa jamii. Ni mfano mzuri, lakini hauwezi kuigwa na kila kaya, kwa sababu si kila kaya iko karibu na hoteli za Diani. Kaya ya bara ambayo watalii hawafiki ina wazee walewale na miiko ileile, bila ada. Huko ndiko nguzo hukatwa kwa ajili ya nyumba, na huko ndiko mpaka wa msitu husogea mita moja kila msimu wa kulima bila mtu kupiga kelele. Vijana wengi wameacha kuogopa laana, na sheria ya serikali iko mbali. Katikati ya hofu iliyoondoka na sheria ambayo haijafika, ndipo mti adimu unapokatwa.

Jirani zetu wa Kilifi wana kisa kinachofaa kusikilizwa. Mwaka 1977 wataalamu waligundua huko mti mkubwa ambao baadaye ulipewa jina la Karomia gigas. Hakuna aliyekuwa ameuandika kabla ya hapo. Baadaye mti huo ulikatwa. Kwa miaka ilidhaniwa kwamba aina hiyo imekwisha duniani, mpaka michache ilipopatikana kusini mashariki mwa Tanzania. Kenya leo haina. Aliyeukata hakuwa mtu mbaya. Aliona mti wenye shina zuri. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Turudi basi kwenye vitalu, maana hapo ndipo vikundi vilivyohudhuria vinaweza kubadilisha kitu mwaka huu. Kikundi kinacholipwa kwa idadi ya miche kitaotesha kinachoota haraka. Hilo si kosa la kikundi. Ni hesabu ya kawaida ya biashara. Mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, huota hata ukiutupa. Mche wa mti adimu huenda ukachukua miezi mingi zaidi, na mbegu zake hazinunuliwi dukani. Ikiwa bei ni moja, hakuna mama wa kitalu atakayejinyima ili apate sifa. Kwa hiyo, idara yoyote inayonunua miche, ya kaunti au ya kitaifa, ikitaka miti ya asili adimu haina budi kuitaja kwa jina katika agizo lake na kuilipia kwa kadiri ya kazi yake. Jedwali la nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za kitaifa za mazingira na misitu katika eneo lake. Namna ya kununua miche ni sehemu ya jukumu hilo.

Mkilifi wenyewe unahitaji neno la ziada. Ni mti wa dawa, ni mti wa kivuli, na hakuna anayesema ung'olewe uani. Lakini asili yake ni Asia. Ndege na popo hula matunda yake na kudondosha mbegu ndani ya misitu, na huko huota kwa wingi na kuziba nafasi za miche ya asili. Kuupanda kwenye ukingo wa kaya kwa nia ya kuzungushia uzio ni kumkaribisha mgeni ambaye hataondoka. Mvinje na mkaratusi nao wana mahali pao, yaani shambani. Familia yenye mivinje yake ya nguzo haina haja ya kwenda msituni na panga, kwa hiyo shamba la mivinje linaweza kuulinda mtapo usioonekana kutoka pale. Kinachokatazwa ni kuchanganya kazi hizo mbili na kuziita kwa jina moja.

Mbegu za miti mingi ya misitu ya Pwani hazihifadhiki. Mahindi ukiyakausha unayaweka mpaka msimu ujao. Mbegu za namna hii ukizikausha zinakufa. Haziwezi kungojea ghalani mpaka bajeti ipite. Zinapaswa kupandwa zikiwa mbichi, mara nyingi ndani ya siku chache baada ya kuanguka, na hiyo ina maana kwamba anayekaa karibu na mti ndiye mtaalamu wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayejua lini umezaa. Afisa akija kutoka Nairobi baada ya mwezi atakuta maganda.

Mbegu zikusanywe kutoka kwa miti mama kadhaa, si mmoja. Miche mia moja ya mama mmoja ni ndugu mia moja, na ugonjwa mmoja unaweza kuimaliza yote. Kila mfuko wa miche uandikwe umetoka msitu gani, na kitalu kiwe na daftari, hata la shule, lenye tarehe ya kuokota, idadi ya mbegu na idadi iliyoota. Mche wa Shimba Hills urudi Shimba Hills au jirani yake, usipelekwe Mrima kwa sababu gari lilikuwa linaelekea huko. Mbegu zisiokotwe zote. Wanyama wa msituni nao wana haki yao, na mbegu nyingine ziachwe zijaribu bahati. Hakuna mche unaong'olewa msituni kuletwa kitaluni. Na hakuna mbegu inayotoka katika kaya bila idhini ya wazee, wala katika msitu wa serikali bila ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, au ya KWS ikiwa ni hifadhi. Kwa mimea iliyo chini ya ulinzi maalumu kama mtapo, kibali cha maandishi kipatikane kabla ya mtu kuinama kuokota.

Tembo nao ni sehemu ya hesabu, ingawa hawakuja kwenye mkutano. Mwaka 2005 KWS ilihamisha tembo wapatao 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki, kwa sababu eneo lilikuwa limewalemea na msitu pamoja na mashamba vilikuwa vikiumia. Miche inayopandwa ndani ya hifadhi bila kuzingatia njia za tembo ni chakula cha tembo.

Kwa msimu huu wa masika, vikundi visivyo na uzoefu wa miti ya asili visianze na mtapo wala na mti ule wa Mrima. Vianze na mbambakofi, ambayo mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu kila mtoto anazijua. Ganda lake ni gumu, hivyo mbegu ikwaruzwe kidogo upande mmoja na kuloweshwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Kisha mvule, ambao nao una dume na jike, na mbegu zake ni ndogo sana na hupoteza nguvu upesi. Vikundi vilivyokwisha kuotesha hiyo miwili, na vyenye daftari lililojazwa, ndivyo vinavyofaa kwenda na wazee wa kaya na afisa wa misitu kuomba kibali cha mbegu za miti iliyo adimu zaidi.